Namba ya Karani

Jumatatu, 3 Machi

Sahani moja tu leo. Sampuli kumi na mbili, mbwa kumi na wawili, na Karani, mbwa wetu wa nyumbani, juu yao wote kama mwenyekiti. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ndiyo siku yake ya kazi. Nimemchota damu asubuhi kabla sijatoka. Mama mkwe kamshika kichwa huku akimwomba radhi kwa niaba yangu — eti msamehe, ndiyo kazi aliyosomea.

Karani kasoma 0.38. Juu kidogo. Dawa ya rangi ni ya chupa mpya, na maji tunayooshea sahani siyaamini hata chembe. Nimeandika pembeni: chupa mpya. Nikaendelea.

Nijieleze hapa, maana ipo siku nitasoma haya nikiwa kizee na nisikumbuke nilikuwa nafanya nini duniani. Sahani ina visima vidogo tisini na sita. Chini ya kila kisima vimepakwa vimelea vilivyokufa vya lishmania, ugonjwa tunaoutafuta. Unatia seramu ya mbwa, yale maji ya damu yake. Kama mwili wake umeshapambana na ugonjwa, kingamwili zake zinang'ang'ania pale chini, unaosha na kuosha hazitoki. Ukitia dawa ya rangi, kisima kinakuwa cha njano. Mbwa mzima, kisima kinabaki cheupe. Mashine inasoma ule unjano na kutoa namba. Lakini namba peke yake haisemi kitu. Inabidi uilinganishe na ya mbwa unayejua kuwa mzima: unachukua namba yake, unazidisha mara mbili na nusu, hapo ndipo mpaka. Juu ya mpaka, chanya. Chini yake, hasi.

Mbwa mzima wetu ni Karani. Miaka miwili iliyopita umeme ulikatika siku sita mfululizo, na seramu ya kulinganishia tuliyoletewa na maabara kuu ikaozea kwenye friza. Daktari akauliza nani ana mbwa mwenye afya. Mume wangu akajitolea — akajitolea mbwa, kwa sababu yeye mwenyewe sindano alikuwa anazikimbia. Maabara kuu wakampima Karani kwa darubini, wakasema safi. Tangu siku hiyo namchota kila mwezi. Mshahara wake ini la kuchemsha. Mume wangu alikuwa akisema nyumba hii ina waajiriwa wawili wa maabara na mmoja tu ndiye mwenye akili.

Jioni Mama kalalamikia kucha za Karani. Anatembea kama kavaa viatu vya watu, kasema. Nimemwambia ni uzee. Ana miaka saba.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi saa kaja na Dakika wake. Kibanda chake kinatazamana na kliniki, kwa hiyo akiona sina mgeni anavuka tu barabara. Dakika kazaa, watoto watano, sasa wana wiki tatu na ushee. Yeye amebaki mbavu.

"Dada, mimi najua saa, mbwa siwajui. Lakini huyu anaisha."

Nikamtazama Dakika. Ncha za masikio zina ukoko. Mgongoni magamba meupe, ukimpapasa yanabaki mkononi. Nilikuwa na sampuli zinanisubiri na kichwa kinaniuma. Nikafungua daftari: Januari, alipokuwa na mimba, 0.64. Mpaka wa siku hiyo 0.72. Hasi. Nikamwambia ananyonyesha watu watano, utakosaje kukonda? Mlishe vizuri, muogeshe. Akauliza kama kuna haja ya kumpima tena. Nikasema hakuna haja ya kumtoboa bure.

Akashukuru. Akaondoka anamvuta taratibu, kila baada ya hatua chache anasimama kumngoja.

Jumanne, 11 Machi

Wifi kapiga tena. Anamtaka Mama ahamie kwake. Vyumba vinne, hakuna ngazi, wajukuu wapo. Nilikuwa koridoni nimeshika ndoo, najifanya sisikii. Mama akajibu jibu lake la siku zote: Karani nimwachie nani, huyu wifi yako anashinda kazini.

Nikafurahi kimya kimya kama mwizi. Tangu mume wangu afe Septemba tunaishi hivi, mimi na mama yake. Hatujawahi kuambiana kwamba tunataka kuishi pamoja. Tunamsingizia mbwa.

Baadaye Mama kaniita nione blanketi la Karani, lile jeusi. Limejaa unga mweupe. Na kuzunguka macho manyoya yamepukutika, ngozi inaonekana, utadhani kavaa miwani. Mama anasema huyu hali chumvi wala sabuni, unga huu unatoka wapi? Nimelikung'uta nje. Vumbi, nikasema.

Vumbi.

Jumapili, 16 Machi

Damu puani. Karani kapiga chafya mara moja, na vigae vya sebuleni vikajaa matone mpaka mlangoni. Mama kapiga magoti anapangusa. Ananitazama tu, anapangusa, ananitazama.

Huwezi kufanya kazi yangu miaka kumi na minne usijue maana ya damu ile. Kucha ndefu. Miwani. Magamba. Kukonda huku anakula. Damu ya pua. Ningeletewa na mtu baki, ningemaliza maneno yake kabla hajafungua mdomo.

Anakunywa maji sana pia. Bakuli tatu tangu asubuhi. Nimeona leo. Hapana — nimekubali leo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefika kabla ya Daktari. Nimebeba damu ya Karani kwenye mkoba, nimeifunga na leso kama kitu cha wizi. Sikutumia sahani. Nimechukua kipimo cha haraka, kile cha kadi, tone moja na matone mawili ya maji yake. Mstari mmoja, hana. Miwili, anao. Maelekezo yanasema ungoje dakika kumi na tano. Ilichukua mbili.

Mistari miwili. Wa pili umekoza kuliko wa kwanza.

Nikafungua daftari la mwaka mzima nikatafuta mstari wake. Kabla ya Oktoba: 0.08, 0.08, 0.07, 0.08, mwezi baada ya mwezi, mbwa wa kupigiwa mfano. Halafu —

Oktoba 0.11. Novemba 0.15. Desemba 0.22. Januari 0.29. Februari 0.33. Machi 0.38.

Na pembeni, mwandiko wangu mwenyewe. Chupa mpya. Maji. Chumba kina joto. Chupa imekaa sana. Nimeosha vibaya. Chupa mpya.

Miezi sita ananiambia. Kila mwezi natoa damu yake, naitia kwenye kisima cha kwanza, kisima kinazidi kuwa cha njano, nami naandika habari za chupa.

Nilizika Septemba. Oktoba namba ikaanza kupanda. Sihitaji mtu wa kunieleza. Nilikuwa nimeshamzika mmoja, sikuwa na mahali pa kumweka wa pili, nikafumba macho. Mungu anisamehe, nilifumba macho huku nimeshika kalamu.

Kisha ndipo lile lingine likanijia, nikakaa chini sakafuni, pale pale kati ya friza na sinki.

Mpaka. Mpaka unatoka kwa Karani. Namba yake ikipanda, mpaka unapanda nao. Mbwa waliokuwa wagonjwa walipita chini yake. Dakika, 0.64. Kwa Karani wa zamani mpaka ni 0.20. Angekuwa juu yake mara tatu. Mimi nikamwambia fundi saa amuogeshe.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwambia Daktari. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, nikaishia kumwekea daftari mezani na kidole juu ya mstari.

Alisoma muda mrefu. Akauliza nani mwingine anajua. Hakuna, nikasema. Nikangoja anifokee. Angefoka ingekuwa nafuu.

"Karatasi zote nimesaini mimi," akasema. "Naangalia hasi, naangalia chanya, nasaini. Sijawahi hata siku moja kukuuliza namba." Kisha: "Mlete mbwa."

Nimemleta mchana. Daktari kampapasa tezi za shingoni, za mabegani, nyuma ya magoti. Zote zimevimba, za nyuma ya magoti kama kokwa. Akauvuta mkono wangu nizishike mwenyewe, na mimi nimemkumbatia mbwa huyu kila jioni sijawahi kuzihisi. Mkojo wake mweupe kama maji ya bomba. Kijiti cha kupimia protini kikageuka kijani kibichi papo hapo. Damu ikaonyesha figo zimekwisha sana.

Dawa zipo. Vidonge, na sindano za mwezi mzima. Lakini figo hizi hazitazibeba, kasema, tutamuua kwa kumtibu. Chakula laini, maji ya mshipani, tumpunguzie maumivu. "Ungemleta Novemba —" Akajikatiza. Hakukuwa na haja ya kumalizia.

Kuhusu wale wengine: tangu Oktoba tumewaambia watu arobaini na mmoja kwamba mbwa wao ni wazima. Masalio ya damu zao yapo kwenye friza, yote. Ameagiza seramu ya kulinganishia kutoka maabara kuu, itachukua kama siku kumi. Tutawapima upya wote. Mpaka hapo tusimtie mtu hofu, kasema.

Nikasema sawa. Nilisema upesi mno.

Jumatano, 19 Machi

Sijamwambia Mama. Nimerudi nikamkuta barazani amekaa kwenye kigoda, mguu wa Karani mapajani, anamsugua kucha kwa tupa. Aliutoa wapi uvumilivu, mbwa yule? Amelala tu, anamtazama. Mama anamwambia akishamaliza atamtafutia mchumba.

Nimeoga muda mrefu kuliko kawaida ili nisisikie.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemwambia.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Nilimweleza yote — usubi, wale wadudu wa jioni wadogo kuliko mbu, wanaomuuma mbwa mgonjwa kisha wakamuuma mwingine, kingamwili, figo. Nikamwambia asiogope kumshika, hauambukizi kwa kulamba. Akasema hajauliza hilo.

Halafu akauliza.

"Hiyo damu uliyokuwa unamtoa kila mwezi. Ilikuwa inasema?"

"Ilikuwa inasema, Mama."

"Na wewe ulikuwa unasoma?"

"Nilikuwa nasoma."

Akachambua. Akatoa jiwe moja, akaliweka kando.

"Mimi niliona tangu Desemba. Nilipoona kucha. Nikasema moyoni, huyu mwenzangu amesoma, ana mashine, kama kungekuwa na kitu angeniambia. Nikajiona mshamba. Nikanyamaza."

Akainuka na sinia lake akaenda chumbani. Karani akainuka akamfuata, kucha zikigonga vigae. Nimebaki jikoni mimi na kile kijiwe.

Angenitukana. Angesema nimemuua mbwa wa mwanawe. Hilo ningelijibu. Lakini kwamba aliona akanyamaza kwa ajili ya heshima ya elimu yangu — hilo nitalijibu nini?

Jumanne, 25 Machi

Hatusemezani. Siyo ugomvi. Anakula mapema, anaingia kwake. Chakula changu nakikuta kimefunikwa, bado cha moto. Ananuna lakini hataki nilale njaa. Nimekula nikilia juu ya sahani, mtu mzima na miaka arobaini na sita.

Ijumaa, 28 Machi

Seramu imefika. Tumepima, mimi na Daktari, mabega kwa mabega, yeye anasoma namba kwa sauti na mimi naandika. Mara ya kwanza tangu anifahamu ameshika pipeti ya kupimia matone kwa mkono wake mwenyewe.  

Arobaini na mmoja. Thelathini na wanne kweli wazima. Saba wagonjwa.

Wa tano katika hao saba ni Dakika.

Daktari kasema barua zitakwenda, ofisi ya mifugo itaarifiwa, yeye ataandika na jina lake litakuwa la kwanza. Lakini kwanza simu. "Wapigie wewe, dada. Wanakuamini."

Neno lile likanichoma.

Jumatatu, 31 Machi

Nimepiga tatu leo.

Wa kwanza, mwalimu mstaafu. Alinifokea vilivyo. Nilimshukuru. Sikumwambia namshukuru, lakini nilimshukuru. Atamleta mbwa wake kesho kuanza dawa, huyu figo zake huenda bado nzima.

Wa pili hakuelewa. Nimerudia mara tatu. Mwishoni kaniuliza kama hii ndiyo ile simu ya matapeli.

Wa tatu, mlinzi wa ghala. Mbwa wake amekufa Februari.  Akasema alidhani ni yeye aliyemuua. Tangu Februari anajilaumu kwamba alimlisha vibaya, maana sisi tulisema mbwa mzima, basi kosa lingekuwa la nani? Kumbe siyo yeye. Akanishukuru. Akasema asante, umenitua mzigo.

Nimeweka simu chini nikaenda kusimama chooni.

Alhamisi, 3 Aprili

Sita nimeshawapigia. Amebaki fundi saa.

Namba yake ninayo. Kibanda chake nakiona dirishani, hatua hamsini, amechomeka kile kioo chake jichoni anachokonoa saa ya mtu. Nimeinua simu, nimeishusha. Hili si la simu, nikajiambia, mtu niliyemwambia uso kwa uso nitamwambia uso kwa uso. Maneno mazuri. Nikavuka barabara.

"Dada, karibu! Leo umetutembelea."

Nikamwuliza kama ana mkanda wa saa.

Sina saa. Sijavaa saa tangu nimalize shule. Akanichagulia mkanda wa kahawia, akanipima mkononi, akasema huu utakukaa. Nikashukuru. Nikarudi kazini na mkanda usio na saa, nimeufunga mkononi mpaka sasa kwa sababu sistahili kuufungua.

Daktari kaniuliza, umewamaliza? Nikasema karibu.

Ijumaa, 4 Aprili

Karani kakataa ini. Mama kalikata vipande vidogo, kamwekea kiganjani, kamsogezea mdomoni. Kageuza uso. Pumzi yake ina harufu kali, ndiyo figo hiyo. Hawezi kusimama, miguu ya nyuma inateleza kwenye vigae. Mama akamtandikia zulia lote la sebuleni.

Akanisemesha, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile ya mchele. Akasema, "Anateseka. Mwambie daktari wako."

Jumamosi, 5 Aprili

Asubuhi, kliniki. Mshipa nimemtafutia mimi. Daktari alitaka kunipokea, nikasema hapana, naujua. Miaka miwili nimeuingia ule mshipa, siku zote kwa mchomo mmoja. Leo pia kwa mchomo mmoja. Daktari kasukuma dawa.

Mama kamshika kichwa. Kamwambia, ukimkuta mwanangu, mwambie sisi tupo.

Tumembeba ndani ya blanketi, mimi mbele, Mama nyuma. Tumemzika nyuma ya nyumba. Mama hakulia mpaka alipoona bakuli la maji limejaa.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 6 Aprili

Naandika nimesimama, jikoni, daftari juu ya friji. Sebuleni kuna mgeni na chai inanisubiri. Lazima niandike la sivyo sitaweza kuingia.

Asubuhi wifi alipiga simu. Kampa Mama pole, kisha kasema Jumanne anakuja na gari kumchukua. Mara hii Mama hakusema Karani nimwachie nani. Kasema, haya. Neno moja. Saa nne nikapita mlangoni kwake nikaona begi kitandani, limefunguliwa, khanga mbili ndani. Nikaenda nikakaa bafuni pembezoni mwa beseni. Nyumba hii nitakaa humo na nani?

Nusu saa iliyopita hodi. Fundi saa. Shati limepigwa pasi, kakumbatia sanduku la viatu lililotobolewa matundu. Jana alituona kutoka kibandani kwake tukitoka na blanketi. Akasema usiku mzima hakuwa na raha. Akaweka sanduku mapajani kwa Mama, akafungua kifuniko.

Kidume. Cha mwisho kati ya wale watano, kina wiki nane leo. Tumbo la mviringo, masikio hayajaamua yasimame au yalale. Kikamtazama Mama, kikatambaa mpaka kifuani kwake, kikaingiza pua chini ya kidevu chake na kulala pale pale.

 Mama akakifunika na kiganja.

Fundi saa akasema hiki alikuwa amekiahidi kwa mtu, atamweleza, mwenye msiba kwanza. Wale wanne wengine wameshakwenda kwenye nyumba zao wiki hii. Walikuwa wanagombewa, kasema. Watu siku hizi wanaogopa, hawachukui mtoto wa mbwa bila kujua mama yake. Ndiyo maana alitoa nakala ya ile karatasi yangu ya Januari, akampa kila mmoja na ya kwake. Akaitoa na ya hiki, imekunjwa mara nne mfukoni. Akamkabidhi Mama kwa mikono miwili. Hasi. Sahihi ya Daktari, na chini yake ya kwangu.

"Bila dada wanangu hawa wangekosa kwao."

Nikamwuliza Dakika anaendeleaje. Akasema bado amekonda, na jana alitokwa damu puani kidogo, lakini ndiyo hivyo, kunyonyesha. Umesema mwenyewe.

Nikasema ngoja nilete chai.

Nijipange. Dakika alikuwa mgonjwa wakiwa tumboni. Watoto wanaweza kuwa nao wamepata, wote, au mmoja, au hakuna. Na siwezi kumpima huyu leo nikajua. Kingamwili za mama yake bado zimo mwilini mwake, kipimo kitasema chanya hata kama ni mzima. Mpaka afike miezi sita hakuna anayeweza kusema. Dakika aanze dawa kesho, isipite kesho, tuombe figo zake ziwe bado nzima. Nyumba nne nizitafute. Nakala nne nizirudishe. Yote haya niyaseme mbele ya Mama, akiwa amekikumbatia.

Ameniita. Kwa sauti yake ile ya zamani, ya kabla ya mchele: mwanangu, chai ndiyo unailima? Halafu nikamsikia anamwambia fundi saa kwamba Jumanne kuna gari linakuja hapa, itabidi ampigie binti yake alizuie, maana huyu mtoto nani atamwangalia, huyu mkwe wangu anashinda kazini.

Maji yamechemka. Nimepanga vikombe vitatu. Nimejikaza, nimeosha uso. Maneno ya kwanza nimeshayachagua: fundi, nisamehe, ile karatasi ni ya uongo. Ni machache, yatatoka.

Kitu kimeanguka huko, nadhani kijitu kimevuta kitambaa cha meza, na Mama anacheka. Anacheka kwa sauti, anakohoa, anacheka tena. Tangu Septemba sijamsikia.

Naingia sasa.

Bado anacheka. Ngoja amalize.